Kaa Hujulikana kwa Gando

Katika mambo ambayo mtu hujifunza anapofuga viumbe vya bahari ndani ya nyumba yake, sijaona jambo limtialo adabu ya fikira kuliko kazi ya kumtambua kaa mdogo ambaye hakumnunua wala hakumwalika, aliyeingia amejificha katika tundu la jiwe, akakaa humo gizani asijulikane, kisha usiku mmoja akatoa gando lake mbele ya mwanga wa tochi na kulirudisha kabla jicho halijashiba. Kiumbe huyu aghalabu hazidi ukucha wa kidole gumba, lakini huzua swali zito: je, ni mkazi wa amani atakayekula mwani na mabaki ya chakula, au ni mwindaji atakayewamaliza konokono mmoja mmoja, ayanyofoe matumbawe, na hatimaye awakamate samaki waliolala? Maadamu jibu la swali hili huamua uhai au mauti, halifai kutolewa kwa pupa. Nami, kwa kuwa nimeishi na kaa wa namna hii muda wa kutosha kuzifahamu nyendo zao, nimeona ni wajibu kuyaandika niliyoyaona, ili yamfae mwenye hodhi, na yamfae pia asiye nalo, kwani adabu ya kuchunguza kabla ya kuhukumu haihitajiwi na wafugaji wa kaa peke yao.

Nilizaliwa Pemba, katika kijiji kilicho jirani na mwamba mpana ambao wakati wa bamvua, maji yakupwapo, huachwa wazi mwendo mrefu kutoka ufukweni, ukabaki na vidimbwi vya maji maangavu ambamo viumbe vya kila jinsi huonekana. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mchokoaji wa pweza, nami nilifuatana naye nikimbebea pakacha, yeye na mchokoo wake mkononi, akitembea polepole na kuinama penye kila tundu. Humo ndimo nilimoanza kuwafahamu kaa: wale wa gamba pana waliokimbia ubavuubavu chini ya mawe, wale waliobeba sifongo mgongoni mpaka wakafanana na jiwe lenyewe, na wale wadogo waliojikita katikati ya matawi ya matumbawe wasikubali kutoka. Mmoja alinikataza nisimguse hata kwa mchezo, naye alikuwa mzuri kupita wote, mwenye mabaka ya hudhurungi na nyekundu juu ya gamba jeupe. Wataalamu humwita Zosimus aeneus, na imethibitika kwamba mwilini mwake huwamo sumu kali ishikayo mishipa ya fahamu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na ambayo imekwisha kuwaua watu katika baadhi ya visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Bibi hakulijua jina hilo la Kilatini, lakini hatari aliijua, na siku ile alinipa kanuni ambayo vitabu nilivyovisoma baadaye havikuitangua: "Mjukuu wangu, rangi ya kaa isikughuri. Mtazame gando, kisha mtazame anachokula, hapo utamjua."

Nilipokuwa mtu mzima riziki ilinipeleka Marekani, nikafanya maskani katika jiji la Columbus, jimbo la Ohio, bara kabisa, mahali ambapo bahari iliyo karibu iko mamia ya kilomita upande wa mashariki, na mtu aweza kuishi mwaka mzima asiisikie harufu ya chumvi. Hamu ya bahari ndiyo iliyonifanya niweke hodhi la kioo sebuleni, la takriban lita 300, nikalijaza maji ya mfereji yaliyochujwa yakawa safi, nikayatia chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo mpaka ikafika gramu 35 katika kila kilo ya maji, kama ulivyo wastani wa bahari kuu, na joto lake nikalishika baina ya nyuzi 25 na 26. Lakini maji na chumvi peke yake si bahari. Kinachoyafanya maji yale yaishi ni mawe, kwa sababu ndani ya vinyweleo vya jiwe lililokaa baharini mna bakteria wanaoyageuza machafu ya samaki yasiwe sumu, na juu ya uso wake mna sifongo, minyoo, chaza na mwani, kila kimoja kikifanya kazi kilichopewa na Muumba.

Mawe yangu yalitoka Florida. Zamani wapiga mbizi wa huko walikuwa wakiyang'oa mawe hai kutoka miambani na kuyauza, hata serikali ilipoona kwamba mwamba ukiondolewa haurudi upesi ikaizuia biashara hiyo, na katazo hilo likakamilika mwaka 1997. Tangu hapo wenye idhini hukodi sehemu za sakafu ya bahari, wakatumbukiza humo mawe ya chokaa yaliyochimbwa nchi kavu, wakayaacha mpaka yakavikwa uhai, ndipo wakayavuna. Ni mpango wa insafu, kwani mwanadamu huchukua kile tu alichokiweka, na mwamba wa asili hubaki mahali pake. Ila bahari haibagui baina ya jiwe lililowekwa na jiwe lililozaliwa humo, na kila kitafutacho makazi huingia katika lolote kati ya hayo.

Kwa kaa mdogo, jiwe la namna hii ni maskani na ghala kwa pamoja. Kaa huanza maisha yake akiwa kiluwiluwi kisichoonekana kwa urahisi, akichukuliwa na mkondo, akibadilika umbo mara kadhaa, mpaka apate miguu na magando ya kweli, ndipo huteremka na kutafuta ufa wa kujisitiri. Jiwe linapotolewa majini na kufungwa katika magazeti yaliyoloweshwa kwa safari ya siku moja au mbili, samaki aliyenaswa humo hufa upesi, bali kaa, kwa kuwa matamvua yake yamefunikwa na gamba na hubaki na unyevu, huvumilia. Na jiwe liingiapo katika hodhi, naye huingia. Hatoki mchana. Aonekanaye mchana ni samaki na konokono. Mwenye kutaka kumwona kaa hana budi kungoja taa zizimwe, kisha ayatazame mawe kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, kwa sababu macho ya wengi katika viumbe hivi hayatambui vizuri mwanga mwekundu, na hivyo huendelea na shughuli zao kama kwamba giza ni kamili.

Katika maduka ya samaki na katika mazungumzo ya wafugaji wa huko nilikuta kanuni moja inayorudiwa na kila mtu: kaa mwenye nywele na ncha nyeusi za magando ni mwovu, auawe, kaa asiye na nywele, laini, wa rangi ya kupendeza, ni mwema, aachwe. Siidharau kanuni hii, maana ina kweli ndani yake. Katika jamii ya Xanthidae na jamaa zake wa karibu wengi wana ncha nyeusi, na miongoni mwao wamo wavunjaji wa konokono na walaji wa nyama. Kadhalika wale wenye nywele nyingi wa jinsi ya Pilumnus wamelaumiwa mara kwa mara kwa kuyadhuru matumbawe laini. Lakini kanuni inayotazama sifa moja haimfai mwenye kutaka haki, na katika hodhi langu mwenyewe walijitokeza kaa wanne, mmoja baada ya mwingine, ambao wangehukumiwa kwa kanuni hiyo baadhi yao wangedhulumiwa.

Njia niliyoishika ilikuwa ni ya kwenda kwa daraja, kutoka kwenye sifa iliyo wazi hadi iliyofichika. Kwanza nilihesabu miguu. Kaa wa kweli ana jozi moja ya magando na jozi nne za kutembelea. Akionekana na jozi tatu tu za kutembelea, na papasi zake ni ndefu na zimetokea upande wa nje wa macho, basi huyo si kaa wa kweli, bali ni jamaa wa karibu wa wale waishio ndani ya makombe ya konokono, na jozi yake ya mwisho imekonda na kukunjwa nyuma isionekane. Pili nilitazama gamba la mgongo: la pembe tatu lililochongoka mbele na kupandwa sifongo au mwani ni la kaa ajipambaye, pana lenye meno ubavuni, likiambatana na miguu ya mwisho iliyopanuka ikawa bapa za kuogelea, ni la jamii ya Portunidae, wawindaji wepesi, ambao kaa koko tumpikaye pwani kwetu ni mmoja wao, la mviringo wa kulala, zito, lenye miguu mifupi, ni la akina Xanthidae na jamaa zao. Tatu nilitazama magando, usawa wake, unene wake, na zaidi ya yote ncha zake, kwa kuwa ncha ya gando ndiyo imwambiayo mtazamaji ni chakula gani kiumbe yule aliumbiwa kukikamata. Nne, na hii ndiyo iliyotaka subira, nilitazama matendo.

Wa kwanza kutambulikana alikuwa bapa, wa rangi ya hudhurungi, mwenye magando mapana yaliyozidi mwili wake, na mtu aliyekuwa amesimama kando yangu usiku ule alisema papo hapo kwamba silaha kubwa kiasi kile haziwezi kuwa za mpole. Nilihesabu miguu nikapata jozi tatu. Nikaziona papasi ndefu. Kisha, mkondo wa maji ulipopita mbele yake, akakunjua kinywani viungo viwili vyenye nywele ndefu zilizopangika, akawa anayachota maji kwa zamu, mkono huu ukirudi kinywani na ule ukienda, akichuja vijidudu visivyoonekana. Alikuwa Petrolisthes, na magando yale makubwa hayatumiki kuua, bali kusukumana na wenzake wakigombea mahali pazuri pa kukaa. Kiumbe huyu ni dhaifu hata anaposhikwa hukata mguu wake mwenyewe na kukimbia, akaumba mwingine baadaye. Nilimwacha alipo, na ameishi bila kumdhuru yeyote.

Wa pili alikuwa wa kijani kilichoiva, gamba lake limechongwa mifereji, na miguu yake imejaa nywele kuanzia maungio hadi ncha. Kwa kanuni ya nywele huyu alistahili kufa. Lakini nilipomtazama kwa lenzi akiwa amekaa karibu na kioo, niliona kwamba ncha za magando yake hazikuwa nyeusi wala hazikuchongoka, ila zilikuwa zimepanuka na kuchimbika katikati kwa umbo la kijiko. Na gando la kijiko halikuumbwa kwa kutoboa wala kuvunja, limeumbwa kwa kukwangua. Huyu ni Mithraculus sculptus, mwenyeji wa Karibi na Florida, naye ni katika wachache wanaokula ule mwani wa malengelenge ya kijani uitwao Valonia, unaowasumbua wafugaji kwa sababu kila ujaribupo kuung'oa kwa mkono hupasuka na kueneza mbegu zake. Nami naongeza neno la hadhari, kwamba mpole naye ana tumbo: mwani ulipokwisha nilikuwa nikimtupia kipande cha mwani mkavu ule ule watu wafungiao wali huko Japani, kwa kuwa kaa wa jinsi hii akishikwa na njaa huanza kujaribu vyakula ambavyo asili yake haikuvipendelea.

Wa tatu hakuja na mawe ya Florida, bali alikuja ndani ya kichaka cha tumbawe la jinsi ya Pocillopora, lenye asili ya Pasifiki, ambalo nilipewa na rafiki. Baina ya matawi yake nilimwona kaa mdogo anayemeremeta, hana unywele mgongoni, gamba lake pana mbele na jembamba nyuma, magando yake marefu na yenye nguvu. Na kila nilipokaribisha kibano karibu na tumbawe alijitokeza mbele, akakishambulia chuma bila hofu. Moyo wangu ulimtambua kabla ya kitabu, kwa maana huyu ni jamaa wa wale waliokataa kutoka katika matumbawe ya Pemba: ni Trapezia, mlinzi wa tumbawe. Hula ute utokao katika tumbawe, naye kwa malipo hulifanyia kazi mbili kubwa. Huondoa mchanga na taka zinazoangukia matawini, na humfukuza kiti cha pweza mwenye miiba, yule mla matumbawe aliyekwisha kuharibu miamba mingi ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, kwa kumbana miguu yake laini mpaka ageuke aende kwingine. Mtaalamu Peter Glynn, aliyeyachunguza matumbawe ya Panama tangu miaka ya 1970, ni katika walioushuhudia ulinzi huu na kuuandika. Mtu anayemwondoa kaa huyu kwa kuwa amemwona ameketi juu ya tumbawe akinyonyoa kitu, huliondolea tumbawe mlinzi wake kwa kudhani ameliokoa na mwizi.

Wa nne ndiye aliyenipa somo refu. Nilianza kuziona athari zake kabla sijamwona mwenyewe: kombe la konokono lililolala mchangani tupu, ukingo wake umevunjwa kidogo kidogo kuuzunguka mdomo. Konokono afaye kwa maradhi au uzee huacha kombe zima, kwa hiyo ukingo ule uliomegwa ulikuwa dalili bayana ya gando lenye nguvu, ingawa haukusema ni la nani. Baadaye nilimwona usiku, mweusi wa kuelekea zambarau, na penye kiungo cha gando lake palikuwa na doa jeupe. Muda ukapita nisimwone. Kisha akaonekana katika ufa ule ule kaa wa hudhurungi mwenye madoadoa, mkubwa zaidi, wala hana doa jeupe. Kwa hesabu ya rangi hao ni kaa wawili, na mwenye haraka angeanza kumtafuta wa pili ilhali wa kwanza yungalipo.

Kilichoikata shaka ni magamba. Kaa hakui kama sisi tukuavyo, kwa sababu mifupa yake iko nje. Hana budi kulivua gamba zima kila alizidipo, nalo hupasuka kwa nyuma, akajitoa kinyumenyume, akaliacha likiwa na kila kitu, miguu, magando, viungo vya kinywa, hata ule utando uliofunika macho. Wasiojua huliona gamba hilo mchangani wakadhani kaa amekufa. Lakini maiti ina nyama na harufu, na gamba lililovuliwa ni tupu, jepesi, limefunguka kwa nyuma. Hapana ushahidi ulio bora kuliko huu, kwani ni kaa mwenyewe anayejieleza bila ya kuguswa wala kuteswa, na mtu aweza kuuweka mezani, akaugeuza, akautazama kwa lenzi kwa muda autakao. Nilikuwa nikiyakusanya magamba hayo, nikiyaosha kwa maji baridi na kuyakausha kivulini, kisha nikayapanga kwa ukubwa. Katika mpango huo rangi ilibadilika kutoka zambarau hadi hudhurungi, na lile doa jeupe likafifia mpaka likatoweka. Bali magando hayakubadilika umbo lake, moja pana la kusagia lenye jino butu lililovimba karibu na kiungo, na jingine jembamba zaidi la kukatia, na ncha za yote mawili nyeusi kuanzia gamba la kwanza hadi la mwisho.

Katika gamba lililo kubwa kuliko yote niliona alama iliyomaliza mjadala. Upande wa ndani wa gando, pale ambapo mwanadamu angepaita kiganja, palikuwa na mistari membamba iliyopangika sambamba, mithili ya ile ya ncha za vidole vyetu. Na alama hiyo inajulikana sana kwa wavuvi na maofisa wa Florida, kwa kuwa ni ya Menippe mercenaria, kaa wa mawe, ambaye uvuvi wake huko umewekewa sheria ya pekee. Hawaruhusiwi kumchukua mzima. Humvunja gando, wakamrudisha baharini, naye huota jingine kwa kujivua gamba. Na kwa kuitazama mistari ile mtu hujua gando lililo mbele yake ni la asili, ambalo mistari yake ni kamili, au ni lililoota upya, ambalo mistari yake imekatika. Wadogo wa jinsi hii ni zambarau na wana doa jeupe, wakubwa ni hudhurungi wenye madoa, na gamba lao hufikia sentimita 13 hivi kwa upana. Yule aliyeingia nyumbani mwangu akiwa sawa na punje ya dengu alikuwa katika njia ya kuwa mnyama wa kuvunja chaza.

Alipokwisha kutambulikana hapakuwa na haja ya chuki. Nilichukua bilauri ya kioo, nikaiegemeza jiweni kwa mshazari karibu na ufa wake, nikatia ndani kipande cha kamba kwa chambo. Usiku akapanda jiwe, akaingia kwa harufu, na kioo kikawa laini mno kwa miguu yake kuweza kutoka. Kwa asili yake huo ni mtego wa dema, ambao mlango wake ni mwepesi wa kuingia na mgumu wa kutoka, na mtoto yeyote wa pwani angeuelewa mara moja. Nilimhamishia katika hodhi la chini, lile linalochuja maji, ambamo hamna samaki wala matumbawe, nikawa namlisha kome, nami hupata raha ya kumtazama akiyasaga maganda yao. Kwa wale ambao kaa wao hakubali chambo, ipo njia ya kulitoa jiwe majini na kuumwagia ufa maji yasiyo na chumvi, kaa akatoka mwenyewe kwa kero. Lakini njia hii huwaumiza minyoo na sifongo walio jirani, na haifai kutumiwa ila kwa haja ya kweli.

Jambo moja sikulifanya, nalo nawasihi wote wasilifanye, hasa walio karibu na pwani: kumchukua kiumbe wa hodhini na kumtia baharini kwa kudhani ni huruma. Kaa wa kijani wa Ulaya, Carcinus maenas, aliyevuka Atlantiki kwa meli za zamani, ameenea pwani ya mashariki ya Marekani tangu karne ya 19, akaonekana katika ghuba ya San Francisco mwaka 1989, na madhara yake kwa wafugaji wa kome na chaza ni makubwa. Mwani wa Caulerpa taxifolia, uliokuwa pambo la mahodhi, ulionekana baharini mbele ya Monaco mwaka 1984, kisha ukaenea sehemu mbalimbali za sakafu ya Mediterania. Bahari ni pana, lakini kila sehemu yake ina wenyeji wake na mizani yake, na mgeni mmoja aliyetupwa kwa huruma isiyo na maarifa aweza kuiharibu mizani iliyojengeka kwa zama nyingi.

Nikiyatafakari haya, naona mafunzo yaliyomo yanavuka mipaka ya kioo. La kwanza ni kwamba dalili moja haitoshi, hata ikiwa ni dalili ya kweli. Kadhi hatoi hukumu ya mali ya mtu kwa kauli ya shahidi mmoja, na sioni kwa nini uhai wa kiumbe uwe na thamani ndogo kuliko mali. Nywele zilimsingizia Mithraculus, ukubwa wa magando ukamsingizia Petrolisthes, ujasiri ukamsingizia Trapezia, na rangi ikataka kumgawa Menippe awe watu wawili. Lakini dalili hizo zilipokusanywa pamoja na matendo yakatazamwa, kila mmoja alijulikana kwa hakika yake.

La pili ni kwamba maarifa yana daraja, na si lazima mtu afike daraja la juu ndipo atende haki. Wapo kaa wengi ambao jina lao kamili hutolewa na mtaalamu aliye na hadubini na maiti mezani, tena baada ya kulinganisha vitabu. Lakini mwenye hodhi akijua kwamba kaa wake ni wa jamii fulani, kwamba gando lake ni la kukwangua au la kuvunja, kwamba amemwona akila mwani au akila konokono, amekwisha kupata kiasi cha kumwezesha kuamua kwa dhamiri safi. Kujidai kujua jina la mwisho bila ushahidi ni ghururi, na kukataa kuamua lolote mpaka jina la mwisho lipatikane ni uzembe. Baina ya hayo mawili ipo njia ya wastani.

La tatu, ambalo kwangu ni zito kuliko yote, ni kwamba uovu tunaomhesabia kiumbe mara nyingi ni udogo wa mahali tulipomweka. Kaa wa mawe katika ghuba ya Florida avunjapo chaza hafanyi kosa. Anakula riziki yake, naye huliwa na pweza na kasa, na mizani ikasimama. Ni sisi tulioikata bahari ikawa lita 300, tukaweka konokono wachache wasio na pa kukimbilia, kisha tukashangaa mwindaji anapowinda. Anayelitambua hili humhamisha kaa kwa upole, kwa sababu anajua kwamba aliyemleta ni yeye, na dhamana ni yake.

Basi, wewe msomaji uliyemwona kaa usiyemjua akichungulia jiweni usiku, usikimbilie kibano wala maji ya moto. Hesabu miguu yake, tazama umbo la gamba, chunguza ncha za magando, hifadhi kila gamba analolivua, mwone anakula nini, na umlishe usiku ule asije akatenda kwa njaa yale asiyoyatenda kwa tabia. Ndipo uamue, na ukiamua kumwondoa, mwondoe akiwa hai, umtafutie mahali pengine pa kuishi, wala mahali hapo pasiwe baharini.